Bi mkubwa yuko Leicester, LPA tujaze wenyewe au tutafute loya?

BintiMalindi:
Asalaam alaykum. Mama yetu anaishi Leicester, Uingereza, dada yuko nae huko na mie niko Unguja. Bi mkubwa kaanza kusahau sahau, akili bado anayo, lakini dada anasema tusingoje aandike LPA, yaani hati ya kutupa sie uwakala wake, ili siku akishindwa sie tumshughulikie mambo ya benki na hospitali. Loya kamtajia dada bei mpaka kaduwaa. Kuna aliefanya bila loya? Na mie wa huku naweza kuandikwa wakala?

ami_wete:
Waalaykum salaam. Loya si lazima, fomu ziko kwenye tovuti ya serikali yao, mnajaza, mnaprinti, mnasaini, mnapeleka Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayozisajili. Hati ni mbili, ya mali na ya afya, kila moja pauni 92 za usajili na hizo hata ukiwa na loya unalipa vile vile, kipato cha mama kikiwa chini ya pauni 12,000 kwa mwaka aombe apunguziwe nusu.

Kazi iko kwenye saini. Anaanza mama, afate mthibitishaji wa kusema mama anajua anachosaini na hajalazimishwa, ndo mwisho mawakala. Mkipindua mpango huo fomu inarudi! Mthibitishaji asiwe ndugu wala wakala, awe mtu aliemjua mama miaka 2 au zaidi, au mtu wa kazi hizo kama daktari.

Wewe unaweza kuwa wakala ila karatasi yenyewe ikufikie huko uisaini kwa kalamu mbele ya shahidi. Na chagueni kila wakala aweze kufanya peke yake, mana mkiandika lazima wote pamoja basi dada kila akitaka kitu benki akungoje wewe.

mpemba_wa_mjini:
Ami kasema sawa lakini loya msimtupe moja kwa moja. Ndugu kama hamuelewani, au kuna mtu atakuja kusema bi mkubwa alisainishwa hajijui, mie ningelipa. Wengine wanaona choyo pesa ya loya wanangoja ngoja, na akili ikishaondoka LPA haifanyiki tena, mnakwenda mahakama yao ya Court of Protection kuomba usimamizi na huko ghali zaidi na muda mrefu.

BintiMalindi:
Ahsanteni. Sie watoto ni wawili tu na tunasikizana. Sasa nyumba yake ya Kikwajuni nayo imo humo humo?

ami_wete:
Usiitegemee. LPA ni ya sheria ya England na Wales, hata Scotland wana yao. Ya Kikwajuni muone wakili wa hapo Unguja akutengenezeeni hati yake. Na mama akifariki LPA imekwisha siku hiyo hiyo, hapo ni mirathi, na ya Unguja ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

mpemba_wa_mjini:
Na haitumiki mpaka isajiliwe, hesabuni wiki 8 mpaka 10. Dada aanze kumtafuta mthibitishaji wiki hii, yule wa kujaza fomu hakosekani.