Maua ya zambarau kwenye njia ya Amani

Swali: Wanajamvi, kila nipitapo njia ya msituni Amani, Usambara Mashariki, huona kwenye miamba yenye unyevu maua madogo ya zambarau, katikati njano, yenye majani ya vinyweleo. Ni maua gani?

Jibu: Ndugu, hayo ni saintpaulia, asili ya yale yanayopandwa vyunguni Ulaya tangu Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni wa Kijerumani, alipoyapeleka Ujerumani mwaka 1892. Hayastahimili jua kali, hivyo miti ya kivuli ikikatwa nayo hutoweka. Tafadhali usiyang'oe.

Jibu: Naunga mkono. Tazama na matawini, mbega hupita hapo. Na usiku, ukiwa na kurunzi, utamwona kinyonga wa pembe mbili amelala, mweupe kuliko majani.

Muulizaji: Ahsanteni sana, nitakwenda na kurunzi.