Wiki za kwanza Berlin ukiwa mwanafunzi: tupeane uzoefu

Wakuu, msimu umefika. Muhula wa baridi unaanza rasmi tarehe 1 Oktoba, vipindi vyenyewe katikati ya mwezi, na jumbe za faragha (PM) zimeshaanza kujaa maswali yale yale. Masharti ya viza na ya chuo yameandikwa kila mahali. Kisichoandikwa ni wiki za mwanzo ulizimalizaje, karatasi gani ilikukwamisha na nani alikukwamua. Karibuni, ila naomba iwe habari yako mwenyewe, siyo "jamaa mmoja aliniambia".

Nafungua dimba. Mimi nilitua nikiwa na pesa ambayo siwezi kuigusa. Kwa viza ya masomo unaweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, halafu unaachiwa euro 992 kila mwezi. Haziachiwi mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya kuzipokelea. Benki niliyoiendea ikataka cheti cha kuandikishwa makazi, ile Anmeldung, na cheti hakitoki bila fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli umehamia kwake. Nyumba sasa ndiyo nilikuwa bado naitafuta! Nililala hosteli ya wasafiri, kitanda cha juu, sanduku nimelifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Kwa hiyo anayekuja, mbali na hizo zilizofungwa, aje na pesa ya kujikimu mwezi mzima na ushee. Na ukipata chumba, kabla hata ya kuuliza kodi, uliza kama utaruhusiwa kujiandikisha hapo. Wapo wanaopangisha kimya kimya na hawataki jina lako lionekane popote. Chumba cha namna hiyo ni rahisi mwezi wa kwanza tu.

Mdau wa Neukölln

Mleta mada umegusa penyewe. Naongezea miadi. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie uwe umejiandikisha, lakini ukifungua kalenda ya miadi unakuta nafasi iliyo karibu ni ya mwezi ujao. Kilichonisaidia ni kujua kwamba Berlin huna lazima ya kwenda ofisi ya wilaya yako. Bürgeramt, yaani ofisi ya huduma kwa wakazi, yoyote ya jiji inakuhudumia. Nilikuwa naamka mapema nafungua ukurasa, maana nafasi za waliojitoa hurudi asubuhi, nikapata Spandau huko mwisho wa reli. Shughuli yenyewe haikufika hata robo saa: pasi, fomu ya mwenye nyumba, mhuri, kwaheri.

Baada ya hapo maisha yako yanahamia kwenye sanduku la barua. Namba ya mlipakodi inakuja kwa barua. Kadi ya benki inakuja kwa barua, na namba yake ya siri kwa barua nyingine siku nyingine. Postamani hatafuti namba ya chumba, anasoma majina. Jina lako lisipokuwa kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka. Mimi nililiandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ya gundi nikakibandika chini ya majina ya wenzangu, siku ile ile niliyokabidhiwa funguo.

Halafu usishtuke ukipokea barua ya kudaiwa euro 18.36 kwa mwezi ya redio na televisheni na wewe huna televisheni. Si utapeli. Inatozwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo waulize unaokaa nao nani tayari analipa, mgawane.

Mdau, mwaka wa pili wa uzamili

Utapeli uko kwenye vyumba. Niliandikiwa na "mwenye nyumba" mwenye lugha tamu ajabu: picha nzuri, sakafu ya mbao, kodi nusu ya wengine. Yeye eti kikazi yuko nchi nyingine, nitume amana kisha nitaletewa funguo kwa kampuni ya vifurushi. Nikamwambia nina rafiki Berlin atapita kukiona. Kimya hadi leo.

Mjue pia kodi inatajwa kwa namna mbili, bila joto na pamoja na joto (yaani gharama za kupasha nyumba joto na huduma kama maji). Tangazo linalovutia mara nyingi limetaja ile ya kwanza. Amana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, tena ile isiyo na joto.

Dada wa Wedding

Jamani, kwangu ofisi hazikunisumbua, nilipata bweni la wanafunzi mapema kwa sababu niliomba siku ile ile niliyopata barua ya udahili. Kilichonitesa ni ukimya.

Watu wanakwambia baridi, baridi. Koti linanunuliwa (linunue huku huku, la kule halitoshi). Giza ndilo sikuambiwa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, ikifika saa tisa usiku inakuwa saa nane, na kuanzia jioni ya siku hiyo ni kama mtu amekuibia mchana. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unaingia maktaba kuna mwanga, unatoka taa za barabarani zimewaka na hujala.

Na hakuna kubishiwa hodi. Nilikaa na wasichana wawili wastaarabu sana, tunasalimiana jikoni, kila mmoja na rafu yake ya friji, kisha milango inafungwa. Nikadhani wananichukia. Siku moja mmoja akaniuliza kama Alhamisi ya wiki mbili zijazo nitakuwa na nafasi tunywe kahawa. Wiki mbili! Kahawa ya kupangiwa kama miadi ya daktari wa meno. Nilikubali huku nacheka moyoni, na Alhamisi ilipofika alikuwa ametandika meza, ameoka na keki. Leo ndiye rafiki yangu wa karibu kuliko wote hapa. Ndivyo walivyo, wakisema watakuja, watakuja, tena kwa saa waliyosema.

Kilichonivusha Novemba ni michezo ya chuo. Ada ni ndogo, unajiandikisha mtandaoni mwanzo wa muhula na madarasa yanajaa haraka, hivyo usingoje uzoee kwanza. Mimi nilichukua voliboli na sijui voliboli. Haikuwa na shida, mpira unahitaji watu, basi watu nikawapata.

Jumapili nilikuwa natembea tu mtaani kwetu Wedding, maana maduka yamefungwa (ukiishiwa chakula kabisa, yaliyo ndani ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof hufungua). Nikajikuta nasoma vibao: Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße. Ni mitaa ya wakoloni hiyo. Kulikuwa na Petersallee, jina lililotokana na Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki. Mwaka 2024 ikafutwa, kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee na kingine Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke mpigania haki wa Namibia. Nilisimama pale nikapiga picha ya kibao, mzee mmoja mwenye mbwa akanisubiri nimalize ndipo apite. Sitaki kusema nilijisikia nyumbani. Nilijisikia najulikana, na si kwa uzuri wote.

Mdau wa uhandisi

Dada umeandika kitabu, lakini kweli tupu.

Darasani: ratiba ikionyesha 10 c.t., mwalimu anaanza saa nne na robo, siyo saa nne kamili. Ikiandikwa s.t. ni saa nne juu ya alama. Mhadhara ukiisha watu hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Mara ya kwanza nilidhani ni mgomo. La muhimu kuliko hayo ni mitihani. Katika kozi nyingi kuhudhuria hakukuandikishi mtihani, unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo, na dirisha lina tarehe ya kufungwa. Likifungwa, limefungwa.

Chumbani: asubuhi fungua dirisha lote wazi dakika chache hata kukiwa na barafu, kisha funga. Ukifungia mvuke wa kupika na wa nguo mbichi, ukuta unaota ukungu, na ukungu unakatwa kwenye amana yako.

Mdau mgeni

Wakuu shukrani. Mimi natua tarehe 20 Septemba, udahili ninao, ada ya muhula nimelipa na tiketi ya usafiri imo ndani yake. Hiyo tiketi naitumia kutoka uwanja wa ndege?

Mleta mada

Hapana mkuu. Tiketi ya muhula wa baridi inaanza kazi 1 Oktoba. Kabla ya hapo unajilipia. Uwanja wa BER uko kanda C ya nauli, kwa hiyo chukua tiketi ya ABC; ile ya AB haifiki. Ukinunua ya karatasi kwenye mashine, igonge muhuri kwenye kile kisanduku cha jukwaani kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine huvaa kiraia, na bila muhuri ni euro 60 hata kama tiketi unayo mkononi. Ukiwa na mizigo mikubwa panda treni ya mkoa hadi Hauptbahnhof, ina nafasi kuliko S-Bahn, treni za mjini. Unafikia wapi, umeshapata chumba?