Naomba ushauri: Uingereza na Ufaransa, nani anaamua vita?

Wakuu, nalinganisha mifumo ya nchi hizi mbili, zote zikiwa na kura ya turufu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa kipimo kimoja: nani anapeleka jeshi nje. Ufaransa imeandikwa wazi. Ibara ya 35 ya Katiba inataka serikali iliarifu Bunge ndani ya siku 3 tangu operesheni ianze. Mjadala unaruhusiwa, kura hapana. Ikizidi miezi 4, lazima Bunge liidhinishe.

Uingereza ndiyo inanitatiza, maana ni desturi tu. Agosti 2013 wabunge walimkatalia Waziri Mkuu David Cameron kuishambulia Syria, kura 285 kwa 272, akatii. Aprili 2018 Waziri Mkuu Theresa May aliishambulia Syria bila kuwauliza wabunge kwanza. Desturi legelege hivyo niihesabu kama udhibiti wa Bunge, au niiweke kwenye madaraka ya Waziri Mkuu?