CV ya mwombaji kazi iko kwenye linki, kijana wa kompyuta anasema ni Korea Kaskazini. Kweli?

MamaJumbe_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Nipo SACCOS moja huku Mbeya, afisa mikopo, na kwa uchache wetu maombi ya kazi nayapokea mimi pia. Tumetangaza nafasi ya karani. Mwombaji mmoja hakuambatanisha CV, kaweka linki: bofya upakue. Kijana wetu wa kompyuta karuka kama kaona nyoka, ati hivyo ndivyo Korea Kaskazini ilivyoingia benki kuu ya nchi fulani. Meneja kacheka mpaka kakohoa. Nisaidieni: serikali yenye makombora iibe kwa CV? Na kwetu ifuate nini, kompyuta tano?

MzeeWaMiamala:
Dada, huyo kijana mpe soda. Nimekaa idara ya malipo ya nje ya benki miaka kumi na moja, kisa hiki nakijua.

Nchi ni Bangladesh. Januari 2015 wafanyakazi wa benki kuu yao pale Dhaka walipata barua pepe za mtu aliyejiita Rasel Ahlam. Mpole, anaomba kazi, CV iko kwenye linki. Kuna aliyebofya. Wezi wakajichimbia mule mwaka mzima wakisoma mazingira.

Watu husifia udukuzi, mimi kilichonichoma ni kalenda. Wakatoka usiku wa Alhamisi, 4 Februari 2016. Dhaka wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Jumapili wakirudi kazini, New York kumefungwa. Jumatatu Ufilipino, zilikokwenda pesa, ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Na printa inayochapa miamala ya SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo, ikanyamazishwa. Waliokuwa zamu Ijumaa wakadhani imegoma, maana printa gani haigomi?

Maagizo 35 ya kuhamisha pesa yalikwenda Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani lililotunza dola za Bangladesh, jumla dola milioni 951. Yakapita matano tu, milioni 101. Mengi yalinasa kwa neno Jupiter: tawi la benki lililopokea pesa lilikuwa mtaa wa jina hilo, eneo la Makati, Manila, na jina likafanana na la meli ya Iran iliyowekewa vikwazo. Bahati tupu! Milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zilirudi kwa sababu mwizi alikosea tahajia, kaandika "fandation" badala ya "foundation". Milioni 81 zikafika Ufilipino na nyingi zikapitia kwenye kasino, ambazo wakati ule sheria ya utakatishaji fedha ya kule haikuzigusa.

Kipanga_07:
Mzee, hao Korea kawataja Marekani tu, na hao ni mahasimu. Ushahidi uko wapi?

MzeeWaMiamala:
Swali la haki. Mwaka 2018 Marekani ilimshtaki Park Jin Hyok, mtaalamu wa kompyuta wa Korea Kaskazini, na serikali ya huko ikajibu hakuna mtu kama huyo. Mimi kilichonishawishi ni vipande vya programu: vilevile vilionekana kwenye udukuzi wa kampuni ya filamu ya Sony 2014 na kwenye WannaCry 2017, kirusi kilichofunga kompyuta na kudai fedha. Halafu sababu ipo. Nchi iliyobanwa na vikwazo inahitaji dola, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba fedha hizi zinalisha mpango wa silaha. Februari 2025 walikomba kama dola bilioni 1.5 kwa Bybit, soko la sarafu za kidijitali. Hapo FBI, wapelelezi wa Marekani, iliwataja ndani ya wiki moja.

Dada, kwenu haji Mkorea. Watakuja vijana wa hapahapa, mlango uleule. Linki usiguse. Mpigie mwombaji, alete karatasi. Na hata CV ya kuambatanisha, usiifungulie kwenye mashine yenye mfumo wa mikopo.

Kipanga_07:
Hapo kwenye mashine umenigusa. Sisi mashine ya mikopo ndiyo ya kuangalizia mpira.

MamaJumbe_Uyole:
Nimempigia. Yupo, wa Tukuyu, kaniambia faili lilikuwa zito na bando likaisha, rafiki yake ndiye alimwekea kwenye linki. Kesho anapanda Coaster kuleta bahasha. Meneja kaacha kucheka, ila kaniuliza printa yetu imegoma tangu lini.