Nimepewa oda ya stika za mafuta ya upako: zimeandikwa HAYAUZWI, mezani sadaka ni 10,000. Nichape?

MchapajiKkoo:
Wakuu, naomba ushauri, hasa mliowahi kukaa kwenye kamati za kanisa.

Nina fremu ya uchapaji Kariakoo: fulana, mabango, kadi za harusi, stika. Wateja wangu wa uhakika ni makanisa. Mkutano mmoja wa injili ni bango, vipeperushi, fulana za wahudumu na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Wakihama hao, kodi ya fremu sijui nitailipa na nini.

Juzi kaja mhazini wa huduma moja (jina naliacha) na kazi yake kwenye flashi. Stika 3,000 za chupa ya mililita 100. Katikati picha ya mtumishi kanyoosha mkono, nyuma yake moto. Juu, MAFUTA YA USHINDI. Chini, herufi kubwa nyekundu, HAYAUZWI. Faili la pili ni kibao cha kusimamisha mezani: "Sadaka ya mafuta kuanzia 10,000", na lipa namba. Nikamuuliza, mwenye elfu mbili je? Akacheka: "Huyo tunamwombea." Mafuta yenyewe ni ya alizeti, wananunua dumu la lita 20, kina mama wa maombi wanajaza kwa faneli. Dumu moja chupa 200. Hesabu fanyeni wenyewe.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa na mafuta siyapingi, Yakobo 5:14 ipo. Wangeandika bei ningechapa kama ninavyochapa lebo za asali. Kinachonikwama kooni ni kuambiwa hayauzwi huku namba ya kulipia iko pembeni.

BintiMachame:
Mlutheri mwenzangu, kabla hujawarushia mawe walokole, kwenu Jumapili hakuna mnada? Kwetu siku ya mavuno kuku alifika 70,000, aliyemnunua akamrudisha mezani, akanadiwa tena. Kuku mmoja kauzwa mara tatu na bado anawika! Halafu bahasha zina namba, mzee wa kanisa anasoma nani kamaliza ahadi na nani bado. Hiyo tuiiteje?

MchapajiKkoo:
Dada, pale mnadani kila mtu anajua kuku ni wa elfu ishirini na kinachozidi ni bati za kanisa. Hakuna aliyeahidiwa kwamba akimla huyo kuku atashika mimba au viza itatoka. Na Jumapili inayofuata mapato yanasomwa mbele ya wote. La kusoma majina ya ahadi nakuunga mkono asilimia mia. Kwetu kuna bibi, siku hiyo ikitangazwa, haji ibadani.

Mkazi_wa_Moshi:
Mimi nakaa Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, pale Uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kupita kwenye mafuta ya upako. Watoto walikuwemo. Tangu siku hiyo nikiona tangazo la ibada lenye "usikose", "leo tu", "mtumishi yuko mjini siku tatu", nasikia mwili unasisimka. Wewe unahangaika na bei, mimi naona bei ni jambo dogo. Angalia kwanza hayo mabango unayowachapia yanaahidi nini. Mtu mwenye mgonjwa ndani hasomi kama wewe unavyosoma.

Mwanachuo_Dodoma:
Mkuu, fani yako imeanzia humo humo. Enzi za Gutenberg, yule mchapaji wa Biblia, mwaka 1454 pale Mainz, Ujerumani, zilikuwa zinachapwa hati za rehema, yaani karatasi za kanisa za kuondolewa adhabu ya dhambi, fedha zikachangie ulinzi wa Kipro dhidi ya Waturuki. Fomu kabisa: nafasi ya jina na ya tarehe zimeachwa wazi, muuzaji anajaza kwa kalamu. Baadaye ndiyo akaja mtawa mmoja mhubiri, Tetzel, akizunguka Ujerumani kuuza rehema kwa ajili ya Basilika la Mtakatifu Petro. Sehemu ya makusanyo ilikuwa inalipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa benki ya akina Fugger, hilo waumini hawakuambiwa. Luther akatoa hoja zake 95 mwaka 1517, na nani walizisambaza? Wachapaji. Walikula kotekote.

Mstaafu_wa_Viwango:
Teolojia waachieni wachungaji. Mdogo wangu, hayo mafuta watu wanayanywa? Kama yanaingia mdomoni ni chakula, na tangu 2019 chakula kiko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Muulize mhazini: jina la mfungashaji liko wapi? Tarehe ya kuisha muda? Namba ya toleo? Dumu linafunguliwa sebuleni na kujazwa kwenye chupa zilizooshwa na nani? Mtu akiharisha, wa kwanza kutafutwa ni aliyeandika lebo. Usichape bila karatasi mkononi.

BintiMachame:
@Mstaafu hapo umemaliza. Mtumishi atapona kwa maombi, Mchapaji atalala rumande.

MchapajiKkoo:
Mrejesho. Nimempigia mhazini. Nimemwambia stika nitachapa kwa masharti mawili: alete vibali vya TBS, na HAYAUZWI aitoe, aandike bei ya chupa. La vibali kasema "tutaangalia". La bei akakasirika kweli, akaniambia nataka kuigeuza nyumba ya Mungu duka. Mimi huyo! Stika atazipeleka kwa jirani yangu ghorofa ya pili.

Lakini kalenda za mwaka mpya kaniachia, zile za ukutani zenye mtumishi na mama mchungaji. Nakala 500. Nimemwambia nusu atangulize, salio siku ya kuchukua.