Ukoo wa Bi Mkubwa (Muheza na Dar)

[21:06] Da Zena: Shikamooni wakubwa. Baba Mdogo anarudi thieta kesho asubuhi, ule mguu wake. Zinatakiwa chupa tatu za damu. Kundi lolote, tunarudishia benki ya damu. Nani anakuja?

[21:31] Da Zena: Tiki za bluu naziona jamani

[21:33] Kaka Hamisi: Tena? Si jana wamemsafisha?

[21:35] Da Zena: Wakishakata nyama iliyokufa wanafungua tena siku inayofuata, waone kama vijidudu vimesogea. Hili si jipu kaka, ni ambukizo linalokula nyama. Linatambaa chini ya ngozi, juu wekundu tu, ndani pameoza. Dripu peke yake haitoshi, pale damu haipiti, dawa itafikaje?

[21:36] Kassimu: Damu yangu supu ya pweza tupu, mzee ataamka anaomba ndimu 😂

[21:36] Mama Nuru: 🤣🤣 si wewe ulizimia kwenye chanjo?

[21:37] Kassimu: Lile lilikuwa jua

[21:38] Da Zena: CHUPA TATU

[21:44] Shangazi Mwanaidi: Damu tunaitwa. Michungwa ilipouzwa mbona hatukuitwa?

[21:45] Da Zena: Shangazi, leo hapana

[21:45] Shangazi Mwanaidi: Kila siku leo hapana

[21:49] Kaka Hamisi: Kwani wasikate mguu yakaisha?

[21:52] Da Zena: Wanaupigania. Likipanda kiunoni hakuna tena pa kukata, ndiyo maana hawasubiri. Mchubuko wa jembe tu ule! Analia maumivu, anaambiwa mbona kidonda kidogo. Maumivu kuzidi kidonda ndiyo dalili yenyewe, na ana sukari.

[22:10] Mama Nuru: Bibi kasema niandike hivi hivi: "Aliyelala pale nimemzaa mimi. Ya michungwa mtaniuliza mimi, na si usiku huu. Mwenye damu aende."

[22:24] Shangazi Mwanaidi: Nimesikia mama.

[22:25] Kassimu: Nakuja. Saa ngapi?

[22:26] Da Zena: Saa mbili. Kunywa chai kwanza, usije na njaa

[22:27] Mama Nuru: Mimi nanyonyesha, nitaleta uji

[22:31] Kaka Hamisi: Nina presha ila nitajaribu, wakinikataa basi

[22:32] Da Zena: Bado mmoja. Saidi?

[22:40] Shangazi Mwanaidi: Sukari yake leo ngapi?

[22:41] Da Zena: 14. Wanamchoma insulini

[23:52] Saidi: Ndo naona. Kuna nini?

[23:53] Da Zena: Panda juu usome