Wamiliki wa ndege ndogo, acheni kutupatia fotokopi za vipimo vya kukazia injini

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa Kigoma, na sitaificha hasira yangu. Huku kwetu injini ya ndege ndogo ikifunguliwa, kutafuta kiwango sahihi cha kukaza nati huchukua muda mrefu kuliko kuzikaza zenyewe, kwa sababu wenye ndege hawataki kulipia vitabu vya matengenezo vinavyoendana na wakati.

Hivi karibuni nilipewa kazi ya kubadilisha silinda ya injini ya kampuni ya Lycoming, modeli ya O-360, iliyokuwa imepungua mgandamizo. Mwenye ndege, ambaye simtaji, alinikabidhi karatasi zilizobanwa pini, zenye madoa ya mafuta, zisizo na jalada, namba ya toleo wala tarehe. Mashine ya fotokopi ilikuwa imekata ukingo wa kulia, mahali panapoandikwa vizio, hivyo kwenye mstari wa nati za silinda ilibaki namba 50 peke yake. Hamsini ya nini? Nati za nusu inchi zinazoshika silinda ya injini hiyo hukazwa kwa futi-pauni 50 (kizio cha nguvu ya kukaza), yaani inchi-pauni 600, au takriban nyutoni-mita 68. Fundi mwenye spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, inayosoma nyutoni-mita akiishia kwenye 50, ataiacha nati ikiwa pungufu kwa zaidi ya robo. Baadhi ya stadi, yaani vyuma vyenye nyuzi ambavyo nati hizo hufungwa kwavyo, hupita katika mwili wa injini kutoka upande mmoja hadi wa pili, nazo ndizo zinazobana beringi kuu za krenki, yaani mhimili mkuu wa injini unaozunguka. Zikilegea, beringi inaweza kuhama mahali pake na kuziba njia ya mafuta, na stadi yenyewe inaweza kukatika ndege ikiwa juu ya ziwa, njiani kuelekea Mahale.

Niseme kweli kwamba nyaraka hizi zinahitaji utulivu kuzisoma. Kwa injini za Lycoming, viwango vimo katika jedwali la SSP-1776, ambalo ni chapisho la peke yake lenye marekebisho yake, wakati utaratibu wa kukaza nati za silinda umo katika waraka mwingine, namba 1029. Kwa hiyo anayekupa ukurasa wa jedwali tu amekunyima nusu ya kazi. Waraka huo ndio unaotaja kilainishi cha kupaka kwenye nyuzi kabla ya kukaza, kwa maana nyuzi kavu hula sehemu kubwa ya nguvu kwa msuguano na kuiacha stadi bila mvuto unaotakiwa, ingawa spana imesoma namba ileile. Ndio pia unaoagiza nati za nusu inchi zipitishwe kwanza kwenye futi-pauni 25, kisha ndipo zifikishwe 50. Na ndio unaoonya kwamba silinda ikibadilishwa, nati za stadi hizo zinazopita lazima zikazwe upya hata kwenye silinda ya upande wa pili, ambayo hukuigusa. Onyo hilo halimo kwenye fotokopi yoyote niliyowahi kuonyeshwa huku, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nilipolalamika, niliambiwa niulize kwenye kundi la WhatsApp, na humo nikajibiwa kwamba plagi (za kuwasha cheche) ni plagi na nati ni nati. Si kweli. Plagi za Lycoming hukazwa kwa futi-pauni 35, za Continental, mtengenezaji mwingine wa injini, kwa 25 hadi 30, na nyuzi za silinda ya alumini hazimsamehe aliyezidisha. Mwingine alituma picha ya spana iliyoongezewa kipande cha mbele ili ifike mahali pagumu kufikika, akiwa ameiseti 50 vilevile. Spana yenye urefu wa inchi 18 ikinyooshewa kipande cha inchi 3 mbele yake, inatakiwa kusetiwa karibu 43. Ukiiacha kwenye 50, nati inapata zaidi ya 58.

Kanuni za usafiri wa anga zinamtaka fundi afanye kazi kwa maelekezo ya mtengenezaji yaliyo ya sasa, na sahihi inayowekwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za injini ni ya fundi. Mwenye ndege haweki chochote pale. Intaneti ikikatika hangani, na hukatika mara nyingi, hakuna pa kuhakikisha namba, wakati nakala iliyochapishwa kamili ingekuwa kabatini kwa gharama ndogo kuliko gasketi atakazonunua injini ikirudi kufunguliwa.

Karatasi zile nilizirudisha, na silinda haijafungwa mpaka sasa. Ninayoyataka ni haya: jedwali zima pamoja na waraka wake, vyenye tarehe ya toleo na vizio vinavyosomeka, na cheti cha usahihi wa spana ya toki ambacho muda wake haujapita. Wenye ndege wa Kigoma na Tabora mnaosoma hapa, nijibuni waziwazi: nakala iliyopo kwenye hanga zenu ni ya toleo la tarehe gani, na nani alihakiki mara ya mwisho kama bado ndilo linalotumika?